Sheria za kampuni za kibinafsi Ulaya: Kwa nini hazijaoanishwa?

Kampuni ya kibinafsi ni ile ambayo hisa zake haziuzwi kwa umma. Aghalabu humilikiwa na watu wachache, na ikifilisika, mwenye hisa hupoteza mtaji aliouweka tu. Nyumba na shamba lake haviguswi. Kinga hiyo huzua swali moja kuu: ni nani basi atakayewalinda wanaoidai kampuni? Kila taifa la Ulaya limelijibu kwa namna yake, na hapo ndipo chanzo cha tofauti za sheria zao.

Ujerumani ilibuni kampuni iitwayo GmbH kwa sheria ya 1892. Mtaji wake wa chini ni euro 25,000, na angalau nusu yake sharti ilipwe kabla ya usajili. Hati za kuianzisha nazo lazima zithibitishwe na afisa maalumu wa sheria. Aidha, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 500 hutakiwa kuwapa thuluthi moja ya viti katika bodi ya usimamizi. Wakizidi 2,000, hupata nusu.

Uingereza ilishika njia nyingine. Kampuni yake ya kibinafsi, ambayo msomaji wa Kenya ataitambua kwa neno 'Limited' mwishoni mwa jina, haina kima cha chini cha mtaji. Anayeidai hulindwa kwa uwazi: hesabu za kampuni huwekwa kwa msajili, naye mkurugenzi aliyeendelea kufanya biashara akijua kuwa kampuni haiwezi kuepuka kufilisika huweza kutozwa fidia.

Kesi ya Centros

Mifumo hii iligongana mahakamani. Mume na mke kutoka Denmark walisajili kampuni ya Centros nchini Uingereza, kisha wakaomba kufungua tawi kwao. Denmark ilikataa, ikidai kuwa walikuwa wakikwepa mtaji wa kroni 200,000 uliotakiwa huko. Mnamo Machi 1999, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kuwa tawi hilo halingeweza kunyimwa usajili.

Hukumu hiyo, pamoja na nyingine za 2002 na 2003, iliwafungulia njia maelfu ya wafanyabiashara wa Ujerumani waliosajili kampuni Uingereza huku shughuli zao zikiwa nyumbani. Serikali zilianza kulegeza masharti. Ufaransa ilifuta kima cha mtaji kwa kampuni za SARL mwaka wa 2003. Ujerumani ilianzisha mwaka wa 2008 aina ndogo ya GmbH inayoanza na euro moja, ila robo ya faida ya kila mwaka huwekwa akiba hadi mtaji ufike 25,000. Uholanzi nayo ilifuta kima chake cha euro 18,000 mwaka wa 2012.

Hivyo, ushindani ulifanya sehemu ya kazi iliyowashinda watunga sheria.

Mapendekezo yaliyokwama

Mnamo Juni 2008, Tume ya Ulaya ilipendekeza Kampuni ya Kibinafsi ya Ulaya, ambayo ingetambuliwa kote kwa mtaji wa euro moja. Ilihitaji idhini ya mataifa yote wanachama. Mvutano ulizuka kuhusu mtaji, makao makuu na nafasi ya wafanyakazi katika bodi; Ujerumani ilihofia kampuni zingehama ili kuwanyima wafanyakazi viti vyao. Mwaka wa 2013 Tume ilitangaza kuliondoa pendekezo hilo. Lingine la 2014, kuhusu kampuni ya mtu mmoja, pia liliondolewa baadaye.

Lililofaulu ni agizo la 2019 linalotaka kampuni ziweze kusajiliwa kwa njia ya intaneti. Linaoanisha utaratibu, si kiini cha sheria.

Gharama ya kutooanisha ilionekana Uingereza ilipojitoa katika Muungano wa Ulaya. Kuanzia 2021, Ujerumani haikulazimika tena kuzitambua kampuni za Kiingereza zinazoendeshwa kutoka ardhi yake. Wamiliki waliozisajili ili kuokoa mtaji wakajikuta katika hatari ya kulipa madeni kutoka mifukoni mwao.

Januari 2025 Tume ilitangaza nia ya kuandaa 'utaratibu wa 28', yaani sheria ya hiari kando ya zile za mataifa 27. Kuwa kwake kwa hiari hakuondoi swali la awali. Kampuni ikiruhusiwa kuchagua sheria nyepesi, mfanyakazi na anayeidai hawakuulizwa.