Laqwa: Uso Kupinda Si Lazima Uwe Umepigwa na Jini



Ramadhan moja, binamu yangu aliyekuwa kibarua kwenye visima vya mvuke kule Olkaria aliamka kula daku. Alipokuwa akisukutua, maji yakamwagika pembeni mwa mdomo. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, jicho halifumbiki. Majirani wakasema ati kapigwa na upepo wa mvuke. Wengine wakasema ni jini. Siku tano akasomewa na kupakwa mafuta. Hakuna aliyeuliza kuhusu vipele vilivyomchoma nyuma ya sikio mpaka kwenye nywele.

Je, wajua kwamba matabibu wa Kiislamu waliuandika ugonjwa huu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita? Waliuita laqwa. Al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy huko Iran, aliyefariki mwaka 925, aliueleza katika al-Hawi, kitabu kilichokusanywa na wanafunzi wake baada ya kufa kwake. Alipambanua uso uliopooza kwa sababu ya ubongo na ule wa mshipa wa fahamu. Ni yeye huyo aliyeandika risala ya kutofautisha ndui na surua, kwa hivyo vipele alivijua vizuri. Ibn Sina, aliyefariki 1037, naye akaieleza laqwa katika al-Qanun.

Mwaka 1821 Charles Bell wa Uingereza akauchambua mshipa wenyewe. Na mwaka 1907 James Ramsay Hunt wa New York akaeleza jinsi vipele vya sikioni na kupooza uso vinavyokwenda pamoja. Kumbe virusi vya tetekuwanga hubaki mwilini miaka mingi, kisha huamka kama mkanda wa jeshi. Vikiamkia kwenye mshipa wa uso, uso hupinda. Ukoma pia, ambao hushika ngozi, waweza kuudhuru mshipa huo.

Basi ndugu yangu, ukiona uso umepinda, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ikawa kiharusi. Kama ni laqwa, dawa hufaa zaidi ndani ya saa 72. Mwonyeshe daktari kila kipele, hata kilichojificha nyweleni, na ulilinde jicho lisikauke. Dua tusiache, lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua.

Binamu yangu alipona nusu. Mpaka leo jicho lile halifungi sawasawa anapolala. Zile siku tano hazirudi.

Ramadhan Karim.