Kila Kitu na Mahali Pake: Funzo la Kayaki

Wazee wetu wa pwani walisema: chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Maneno haya ni ya kweli, na kila aliyewahi kukaa ndani ya ngalawa anaujua ukweli wake. Bila kafi, bila nanga, bila mshipi na ndoana, mvuvi hana analoliweza baharini. Lakini maneno haya yana upande wa pili, ambao si wengi wanaoutazama. Nyenzo zile zile zinazokiendesha chombo zaweza pia kukizamisha, zikizidi kiasi au zikikaa pasipo pake. Kamba moja iliyolegea miguuni yatosha kumtia mtu majini.

Leo basi natutazame historia ya chombo kimoja kidogo sana, ambacho wenyewe walikitumia mbali na sisi, katika bahari ya barafu. Chombo hicho ni kayaki, na kwa lugha ya wenyewe wa Greenland huitwa qajaq. Watu hao walijifunza kwa gharama ya roho zao ni kitu gani cha kuchukua, na ni mahali gani pa kukiweka.

NGOZI, MIFUPA NA MAGOGO YA BAHARI

Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, na sehemu kubwa ya nchi hiyo imefunikwa na barafu. Miti ya kuundia chombo haioti huko. Wenyeji wake, Wainuiti, walingojea magogo yaliyoletwa na bahari. Mengi yao yalianguka katika mito ya Siberia, yakachukuliwa na barafu na mikondo ya maji, hata yakapwelea katika fukwe za Greenland. Ndiyo maana hapana kipande cha mti kilichotupwa ovyo.

Mwanamume aliunda kiunzi chenye mataruma membamba, akayafunga kwa nyuzi za ngozi na mishipa ya wanyama, kama mafundi wetu wa zamani walivyoshona mtepe kwa kamba za nazi. Kipimo alikitoa mwilini mwake: kwa desturi urefu ulipata pima tatu za mikono yake, na upana ulitosha nyonga zake na ziada kidogo. Kayaki nyingi zilipata urefu wa mita 5 hivi, na upana wa nusu mita tu.

Kisha kazi ikawa ya wanawake. Wao ndio walioivisha kayaki ngozi za sili na kuzishona kwa mshono ambao haukupitisha maji. Tafadhali usilipite jambo hili upesi, msomaji. Usalama wa mume baharini ulikuwa katika sindano ya mkewe. Mshono ukifumuka katika maji baridi kama yale, mtu hakuwa na muda mrefu wa kuishi.

MPANGO WA SITAHA

Kayaki ya Greenland imefunikwa juu kote, ila tundu moja la kukalia mtu. Juu ya sitaha hiyo imekatiza mikanda michache ya ngozi, mbele na nyuma ya tundu, yenye vifungo vya mfupa vya kuikaza. Zana zote za mwindaji zilichomekwa chini ya mikanda hiyo, na kila moja ilikuwa na mahali pake.

Chusa, pamoja na kibao cha kukirushia, kilikaa upande wa mkono wa kulia. Mshale wa kupigia ndege ulikaa upande wa pili. Mkuki wa kumalizia mnyama uliwekwa nyuma, ncha yake ikitazama tezi ili usimchome mtu. Mbele yake palisimama kigoda kidogo, na juu ya kigoda hicho kamba ya chusa ilizungushwa duara juu ya duara. Nyuma ya mgongo wake lilikaa boya la ngozi nzima ya sili iliyojazwa pumzi. Ongeza kisu na kafi, na hesabu ya zana kubwa imekwisha. Hazikuzidi sana kumi.

Tazama sasa jinsi zilivyofanya kazi pamoja. Chusa kilipompata sili, ncha yake ilichomoka mtini na kukingama ndani ya nyama, isiweze kutoka. Mti wenyewe ukaelea, ukaokotwa baadaye. Mnyama alipozama, kamba ilitoka mbio juu ya kigoda, na papo hapo mwindaji alilitupa boya majini kwa mkono wake. Kuanzia hapo sili hakulivuta chombo tena. Alivuta boya mpaka akachoka.

Yote hayo yalipita katika muda wa kupumua mara mbili tatu. Kama kamba ilizungushwa vibaya ikashika mkono, au kama boya lilikwama katika mkanda, mnyama aliivuta kayaki nzima na kuipindua. Kuzama katika kayaki kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wanaume wa nchi ile. Kwa hiyo mpango wa sitaha haukuwa pambo. Kila mkanda uliwekwa pale kwa sababu.

KUJIZOEZA KABLA YA MSIBA

Mjerumani mmoja, David Cranz, alikaa Greenland mwaka 1761 na 1762, na mwaka 1765 akatoa kitabu cha historia ya nchi hiyo. Humo alieleza namna kumi za kujizoeza kuinuka baada ya kayaki kupinduka. Miongoni mwake kulikuwa na zoezi la mtu ambaye kafi lake limenaswa katika mikanda ya sitaha, na pia la kuinuka bila kafi, kwa kibao cha kurushia chusa, hata kwa mkono mtupu.

Hapa pana hekima kubwa. Watu wale hawakusema kwamba zana zao hazitawanasa kamwe. Walijua kwamba iko siku zitawanasa, wakajifunza mapema namna ya kujinasua. Na sisi twajua kwamba kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kufunga kamba yake vyema.

BUNDUKI ILIPOINGIA

Baadaye walipata bunduki kutoka kwa Wazungu. Ingekuwa rahisi kuiweka popote na kukitupa chusa. Hawakufanya hivyo. Walishona mfuko wa ngozi, wakautia chini ya mikanda ya mbele, bunduki ikapata nyumba yake. Chusa nacho kikabaki, kwa sababu sili aliyekonda wakati wa kiangazi, akipigwa risasi, huzama na kupotea. Zana mpya iliulizwa kwanza: wafanya kazi gani, na utakaa wapi?

Katika karne ya 20 mashua za injini na uvuvi wa samaki zikachukua nafasi ya kayaki katika sehemu nyingi za Greenland. Lakini huko Qaanaaq, kaskazini kabisa, wawindaji wameendelea kuitumia kumwinda nyangumi mwenye pembe moja. Kayaki haina kelele ya injini, na mnyama hupigwa chusa kwanza, ndipo apigwe risasi, asije akazama bure.

KAYAKI ZA SIKU HIZI

Kayaki ilikwisha kuenea Ulaya na Marekani, ikaundwa kwa turubai, kisha kwa faiba, kisha kwa plastiki. Mwaka 1971 kijana wa California, Tim Niemier, aliunda kayaki isiyo na tundu la kuingilia. Mtu huketi juu yake, na maji yanayomwagika hutoka yenyewe kwa vitundu vilivyopita mpaka chini. Wavuvi wa burudani waliipenda namna hiyo, na leo inauzwa nchi nyingi.

Hapo ndipo funzo la zamani lilipoanza kusahauliwa. Mtu huinunua kayaki, na kabla haijalowa maji ameshaitoboa matundu kila upande. Huweka vishikio vinne vya fimbo za kuvulia, mashine ya kutafutia samaki na betri yake, kamera, kreti la vifaa, na nanga. Kwa kuogopa kupoteza, kila kitu hukifunga kwa uzi wake. Anapoondoka ufukweni amekaa katikati ya wavu alioufuma mwenyewe. Siku ikipinduka, nyuzi humzinga miguu, na ubavu ambao angepandia umezibwa na vitu alivyovipigilia.

Wavuvi wazoefu wamerudi katika njia ya wale wa kale. Huvua kwanza mara kadhaa na vitu vichache, ndipo waamue pa kutoboa. Ubavu mmoja huuacha wazi wa kupandia. Kisu hukaa kifuani, juu ya jaketi la kuokolea, si ndani ya kreti. Na nanga hawaifungi ubavuni hata kidogo, maana mkondo ukiipiga kayaki kwa ubavu huku kamba imekaza, huilaza mara moja. Wao hupitisha kamba ya mzunguko katika makapi mawili, moja omo na moja tezi, kisha huivuta pete ya nanga mpaka mwisho wa chombo. Kwenye kamba hiyo huweka boya, ili hatari ikija waiachie nanga yote, waende zao na kuirudia baadaye. Hilo si lingine ila lile boya la ngozi ya sili. Kinachovuta hukiachi kikuvute wewe.

FUNZO KWETU

Ndugu msomaji, huenda hutaiona Greenland, wala hutapanda kayaki ya plastiki. Lakini nyumba nyingi za pwani zina mtoto, mume au ndugu anayetoka alfajiri kwenda baharini. Muulize kabla hajaondoka: kisu chako kiko wapi, na mkono wako wakifikia ukiwa majini? Kamba ya nanga umeizungusha ndani ya ndoo yake, au imetambaa miguuni? Upo wa kukumbia maji umefungwa? Kile kisichokuwa na kazi leo, kwa nini hakikubaki nyumbani?

Maswali haya hayagharimu senti. Mama anaweza kuyauliza, na mtoto mdogo anaweza kuyajifunza. Tumezoea kudhani kwamba mwenye vifaa vingi ndiye aliyejitayarisha. Wale wa barafuni, waliokuwa na magogo machache na ngozi za sili, waliona kwamba aliyejitayarisha ni yule anayejua kila kitu chake kiko wapi hata gizani, na mkono wake wakiendea bila kupapasa. Nasi tukiwafunza vijana wetu hivyo kabla hawajashika kafi, huenda tukapunguza misiba inayotoka baharini na kutukuta majumbani mwetu.