Mzee wa Milima Miwili na Watu wa West Nile

Wenzangu, kila siku tunaambiwa "vumilieni". Mvumilivu hula mbivu, si ndiyo? Lakini kuvumilia ni kukaa tu na kungoja?

Wachina wana msemo wao, Yugong yi shan, yaani "Mzee Mjinga ahamisha milima". Kisa chake kimo katika kitabu cha kale kiitwacho Liezi. Mzee wa karibu miaka 90 alizibiwa njia na milima miwili, Taihang na Wangwu. Akakusanya familia yake, wakaanza kuchimba na kubeba mawe mpaka bahari ya Bohai. Mtu aliyejiona mwerevu akamcheka: wewe na uzee huo utaweza wapi? Mzee akamjibu kwamba yeye akifa watachimba watoto, kisha wajukuu, na mlima wenyewe hauongezeki. Mwishowe Mungu akaguswa, akaagiza milima ibebwe. Tarehe 11 Juni 1945 Mao Zedong alikitumia kisa hiki kufunga mkutano mkuu wa chama chake. Yeye alisema huyo Mungu ni wananchi wa China wenyewe.

Sasa tuangalie hapa tulipo. Amin alipinduliwa mwaka 1979. Oktoba 1980 vita vikaingia Koboko na Arua, na jeshi la serikali likalipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamejificha misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa. Watu wengi sana wa West Nile wakakimbilia Zaire na Sudan. Kumbe hawa wenyeji wetu nao walikuwa wakimbizi! Upande wa Yei, wengine waliingia makambini, lakini wengi walikaa vijijini wakilima mashamba ya wenyeji wao. Hakuna aliyewaambia watarudi lini. Kufikia 1986 wengi walikuwa wanarudi, wakakuta pori, wakaanza tena na jembe.

Halafu Sudan ikawaka, Kongo ikawaka, na njia ikageuka. Leo Wakongo wako Lobule, Koboko, na Wasudan Kusini wako Rhino Camp na Imvepi. Ardhi nyingi tunayokaa ni ya koo za hapa. Wazee walikubali kuitoa. Wengi wao wanajua maana ya kulala kwenye shamba la mtu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: yule mzee hakungoja, lakini pia hakuchimba kwa kucha. Alikuwa na vifaa na familia, na hata mtoto mdogo wa jirani alikuja kumsaidia. Mgao ukipunguzwa na kiwanja ni kidogo, "vumilieni" peke yake haitoshi. Leteni mbegu, leteni shule.

Na sisi vijana tusiulize tu mlima utaisha lini. Tuulize leo nani amebeba jiwe, na kesho nani atapokea kikapu.