Shaha

Shaha ni lakabu ya wafalme wa Uajemi, iliyotumiwa tangu enzi za kale pamoja na umbo lake kuu, Shahanshah, yaani mfalme wa wafalme, hata ilipopinduliwa dola ya Mohammad Reza Pahlavi mwaka 1979. Katika pwani ya Waswahili lakabu hiyo ilishuka daraja, ikawa ya wakuu wa miji na, hata leo, ya malenga aliyewashinda wenziwe. Mapokeo ya Mombasa humtaja Shaho bin Mshaham kuwa wa mwisho katika nasaba ya Kishirazi, iliyojinasibu na Uajemi, kabla ya Wareno kumtawaza sultani wa Malindi juu ya Mombasa mwishoni mwa karne ya 16. Ama Mabulushi wa mtaa wa Makadara mjini Mombasa, ingawa asili yao ni Makran, pwani ya Uajemi na Pakistani ya leo, wazee wao waliletwa na watawala wa Omani, wala hawakuwa askari wa shaha.