Rimoti, King'amuzi na Kompyuta Inayosinzia: Kutoka Amri ya 1974 hadi Msimbu

Kata ya Msimbu, iliyomo katika Wilaya ya Kisarawe mkoani Pwani, iko katika nchi ya Wazaramo, si mbali na Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo historia ya vyombo vya elektroniki katika vijiji vyake haiwezi kutenganishwa na historia ya jiji hilo. Chombo kinachostahili kuchunguzwa kwa makini katika historia hiyo ni king'amuzi, yaani kisanduku kinachopokea mawimbi ya dijitali na kuyageuza kuwa picha na sauti. Chombo hiki ni kompyuta kamili, yenye kichakato, kumbukumbu na programu zake, ingawa wanaokitumia ni nadra kukiita hivyo. Kinapozimwa kwa rimoti hakifi, bali husinzia, na rimoti hiyohiyo ndiyo inayokiamsha.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa ajili ya hesabu za serikali. Kazi hiyo haikwenda kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ilitoa amri iliyopiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na seti za televisheni, vyombo viwili vilivyofungiwa mlango kwa waraka mmoja. Si haki kuiona amri hiyo kuwa woga wa maendeleo tu, kwa kuwa fedha za kigeni zilikuwa haba na siasa ya wakati huo ilikataa anasa ambayo wakulima wengi wasingeifikia. Hata hivyo gharama yake ilikuwa kubwa. Zanzibar, iliyoanzisha televisheni mwaka 1973, ikitajwa kuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara, iliendelea kutazama, ilhali Tanzania Bara ilibaki na redio hadi marufuku ya televisheni ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vituo binafsi kama ITV na DTV vikaanza kurusha matangazo mwaka 1994.

Kuchelewa huko kulileta jambo lisilozingatiwa sana. Nchini Marekani rimoti ilipita hatua nyingi: kampuni ya Zenith ilitoa rimoti ya waya mwaka 1950, ya tochi ya mwanga mwaka 1955, iliyobuniwa na Eugene Polley, na ya sauti isiyosikika na masikio ya binadamu mwaka 1956, iliyobuniwa na Robert Adler, kabla ya miale ya infraredi kuchukua nafasi katika miaka ya 1980. Bara iliruka hatua hizo karibu zote. Rimoti iliyoenea pamoja na seti za miaka ya 1990 ilikuwa tayari ya infraredi, yaani mwanga ulio nje kidogo ya wekundu ambao jicho halioni, uliogunduliwa na William Herschel mwaka 1800 alipoona kipimajoto kikipanda pale ambapo rangi za jua zilikuwa zimekwisha.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na kaya zilizotegemea antena za mitambo hiyo zikalazimika kununua ving'amuzi. Hivyo ndivyo vyombo viwili vilivyokatazwa pamoja mwaka 1974 vilivyoingia sebuleni vikiwa vimeungana, na kwa kaya nyingi za vijijini kisanduku hicho kilitangulia kompyuta ya mezani, ambayo pengine haijafika hadi leo.

Kuamsha kwenyewe ni kazi ya hatua chache. Kitufe kinapobonyezwa, taa ndogo iliyo mbele ya rimoti huwaka na kuzimika takriban mara 38,000 kwa sekunde, kwa vipindi virefu na vifupi vinavyobeba namba mbili: namba ya chombo kinachoitwa na namba ya amri. Mwanga huo huonekana kwa rangi ya zambarau katika kamera za simu nyingi, na mafundi huutumia kujua kama rimoti inafanya kazi. Nyuma ya plastiki nyeusi ya king'amuzi lipo jicho la kupokea, linalochuja mwanga wa jua na wa taa, na sehemu ndogo ya mashine isiyolala kamwe hulinganisha namba zilizofika na zile inazozijua. Zikilingana, kichakato kikuu hupewa umeme na kuanza kazi.

Sehemu hiyo isiyolala hula umeme kidogo saa zote, jambo lisilosumbua sana penye nguzo za REA, Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007. Kwa anayetegemea sola ni tofauti: kila wati ina thamani, na ni busara kuchomoa waya kabisa usiku, ingawa asubuhi rimoti hubonyezwa bure mpaka mkono wa mtu urudishe waya.

Katika vibanda umiza, ambamo watu hulipa kiingilio kutazama mpira, tatizo ni jingine. Ving'amuzi viwili vya kampuni moja kwa kawaida huwa na namba moja ya kuitwa, hivyo mwenye banda akilenga kimoja huweza kuviamsha vyote viwili, au kukizima kile kinachotazamwa, na dawa iliyo rahisi ni kuliziba jicho la kimojawapo kwa kipande cha solotepu nyeusi.