Bokashi: Kwa Nini Tuseme Ufifishaji

Bokashi ni mbinu ya wachapaji wa Japani ya kuifanya rangi moja iwe nzito upande mmoja na kupungua polepole kuelekea upande wa pili, na bila mbinu hiyo picha za usiku za Utagawa Hiroshige zisingekuwa na usiku. Mchapaji hulowesha ubao, hupaka wino ukingoni kwa brashi ili ujichanganye na maji, hulaza karatasi juu yake, kisha huisugua kwa kisugulio cha mviringo kilichofungwa ganda la mwanzi. Patasi haihusiki hapa. Tazama Kanbara, picha ya theluji ya usiku katika mfululizo wa vituo 53 vya barabara ya Tokaido, wa miaka ya 1833–1834: zipo nakala ambazo weusi umetanda juu angani, na nyingine ambazo umeshuka hadi nyuma ya milima. Mchoro ni uleule; giza limehamishwa na mkono wa mchapaji.

Kwa sababu hiyo napendekeza “ufifishaji”. Neno “kivuli” huja haraka mdomoni, lakini linapotosha. Katika picha ya mtaa wa Saruwaka ya mwaka 1856, Hiroshige aliwapa wapita njia vivuli chini ya mwezi mpevu, na juu yao anga imefifishwa. Mambo mawili tofauti kwenye karatasi moja. “Mfifio” nao hauna mtendaji: kitenge kilichoachwa juani hufifia chenyewe. Wapo watakaosema tubaki na bokashi, kama tulivyobaki na karate. Tatizo ni kwamba katika kilimo hai bokashi ni mbolea ya kuvundika, na mwalimu wa sanaa wa Iringa akilitamka mbele ya watoto wa wakulima ataeleweka vingine. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tumezoea kufifisha juhudi au matumaini, yaani kudhoofisha. Tukisema “ufifishaji wa wino”, utata huo unaondoka.

Istilahi hii inamfaa pia atakayejaribu kazi yenyewe. Anayetaka kuchapa jioni ya Juni nyuma ya mlima Loleza, Mbeya, atafifisha kutoka juu, maana mwanga hukawia ukingoni mwa mlima. Achague ubao kwa makini: paini ya Sao Hill ina pete laini na ngumu zinazopishana, nazo hazinywi maji sawa, hivyo anga inaweza kutoka na michirizi. Wajapani walipendelea mcheri wa mlimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana.