Akivua Koti, Watu Wanajificha

Mwaka 2016 mama yangu mdogo alitoka hapa Nyarugusu akapelekwa Bowling Green, mji wa jimbo la Kentucky, Marekani. Sisi tuliobaki tulimwombea baridi isimuumize. Habari ya upepo hakuna aliyeiwaza.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, saa saba na kitu, kisulisuli kikubwa wanachokiita tonado kilipita mji ule. Watu zaidi ya 15 walikufa. Baadhi yao walikuwa wahamiaji, zikiwemo familia zilizotoka Bosnia. Mama mdogo alipona. Simu yake ililia, maandishi yakaja kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni cha dukani tu. Aliyemwamsha ni mwanawe wa miaka 12: “Mama, yule wa televisheni anasema ni sasa hivi, twende bafuni!” Yule wa televisheni ni mtangazaji wa hali ya hewa wa pale kwao, ambaye mtoto humfuata kila siku kwenye simu. Wakaingia bafuni, wakajifunika godoro.

Aliponitumia sauti kwenye WhatsApp kunisimulia, nikabaki na swali. Huyu mtu wa hali ya hewa alitokea wapi, mpaka mtoto amwamini hivyo?

Nilipoanza kusoma nikakuta kwamba zamani neno lenyewe lilikatazwa. Serikali ya Marekani ilianza kazi ya hali ya hewa mwaka 1870, chini ya jeshi. Miaka ya 1880 wakubwa wakaamua neno tonado lisitumike kwenye utabiri. Waliogopa watu watashikwa na hofu, na pia utabiri wenyewe haukuwa wa uhakika. Katazo likakaa zaidi ya miaka hamsini. Yaani watu walifichwa hatari ili wasiogope.

Waliovunja ukimya ni wanajeshi wawili. Tarehe 20 Machi 1948 tonado ilipiga kituo cha ndege za kivita cha Tinker, karibu na Oklahoma City, ikaharibu ndege nyingi. Ernest Fawbush na Robert Miller wakaagizwa wachunguze kama kitu hiki kinaweza kujulikana mapema. Siku tano baadaye, tarehe 25, wakaona ramani za hewa zinafanana na za siku ile. Wakatoa onyo, ndege zikafichwa. Jioni tonado ikarudi kituo kilekile! Miaka minne baadaye, 1952, mtangazaji Harry Volkman wa Oklahoma City akawa miongoni mwa wa kwanza kulitoa onyo la namna hiyo kwenye televisheni, watu wa kawaida wakalisikia wakiwa nyumbani.

Tarehe 1 Aprili 1960 Marekani ikarusha setilaiti ya TIROS-1, ya kwanza kufanikiwa kupiga picha za mawingu kutoka angani. Toka hapo hali ya hewa na anga za juu zikawa habari moja. Ndiyo maana mtangazaji wa mvua leo anakueleza pia habari za roketi na kupatwa kwa jua.

Aliyenifundisha zaidi ni James Spann wa Birmingham, jimbo la Alabama. Yuko kwenye televisheni tangu miaka ya 1970, na siku hizi anaandika mtandaoni kutwa nzima. Anatembelea shule nyingi kufundisha watoto. Anajulikana kwa kuvaa mikanda ya mabegani inayoshika suruali. Akivua koti hewani, watu wa Alabama wanajua mambo yameharibika. Na hasemi jina la wilaya tu. Anataja njia panda, duka, kanisa, ili mtu ajue ni kwake.

Lakini hata yeye ana siku iliyomuumiza. Tarehe 27 Aprili 2011 tonado 62 zilipiga Alabama kwa siku moja. Kamera ilionyesha moja kubwa ikiingia mji wa Tuscaloosa, naye akiwa hewani anawaomba watu wajifiche. Utabiri ulikuwa umetoka mapema na ulikuwa sahihi. Hata hivyo watu zaidi ya 230 walikufa katika jimbo hilo. Dhoruba ya asubuhi ilikuwa imekata umeme sehemu nyingi, na wengine walikuwa wanangoja king’ora. Baadaye Spann alisema wazi kwamba sayansi ilifanya kazi yake, ila onyo halikuwafikia watu kwa namna ya kuwafanya wachukue hatua.

Mimi maneno hayo yananihusu. Novemba 2024 onyo la mvua na upepo mkali lilinifikia kwenye simu nikiwa na vijana kwenye mazoezi ya maigizo, chini ya turubai. Nililisoma, nikarudisha simu mfukoni. Nikajisemea, ah, hizi meseji kila mtu anazituma. Baada ya kama saa moja upepo ukang’oa turubai, mti wa nguzo ukamwangukia kijana wa miaka 14, akavunjika mkono. Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Mwalimu, hukujua?” Nilishindwa kujibu.

Tangu wakati ule, kila siku saa kumi na moja jioni, kabla ya mpira, nasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa mbele ya vijana. Mwanzoni walinicheka, wakaniita “Bwana Mawingu”. Nikaongeza habari za mwezi na nyota. Niliwaambia mapema kwamba usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, kama saa mbili na nusu, mwezi utapatwa wote. Watu wakatoka nje na watoto mgongoni, na mwezi ukawa mwekundu kweli. Kesho yake bibi mmoja jirani akanisimamisha bombani: “Mwanangu, na mvua je, inaanza lini?” Hapo ndipo nilipomwelewa yule mtoto wa Kentucky. Alikuwa amemzoea mtu wake siku ambazo hakukuwa na hatari yoyote.

Ndugu zetu wa mashirika, maonyo haya nyinyi mnayapata ofisini. Tunaomba yatufikie siku hiyohiyo, kwa Kiswahili, Kibembe na Kirundi. Onyo likisema “mkoa wa Kigoma”, yule bibi haoni kama ametajwa. Likitaja bomba lake na bonde lililo nyuma ya nyumba yake, atainuka. Kila zoni ina vijana wenye sauti. Tupeni karatasi, tutasoma wenyewe.

Yule kijana mkono wake umepona. Siku nikichelewa, yeye ndiye anayesoma.